Usagara: mji unaoishi kwa kusimamisha watu

Basi la kutoka Shinyanga likikaribia Usagara hupunguza mwendo, na kabla halijatulia madirisha yameshazingirwa: karanga za kukaanga, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha na chumvi yake kwenye kijikaratasi, machungwa yaliyomenywa, maji ya chupa. Abiria wa Mwanza hubaki vitini, maana zimebaki kilomita ishirini na ushei tu. Wa Sengerema na Geita njia yao inakata kushoto kuelekea Kigongo. Wa Magu na Musoma wana mchepuo wao wa kilomita 17 unaotokea Kisesa, uliojengwa ili malori yasilazimike kupenya katikati ya jiji. Kanda ya Ziwa karibu yote inakutana hapa, na karibu kila anayefika anakwenda kwingine.

Kwenye makaratasi Usagara ni kata ya Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza. (Wenzetu wa Kilosa wasinune: Usagara wao ni nchi ya Wasagara, ile ambayo Carl Peters aliizungukia mwishoni mwa mwaka 1884 akiwawekea machifu mikataba ya kilaghai. Huu wetu uko Usukumani.) Kwa macho ni kitu kati ya kijiji na mji. Kuna nyumba za kulala wageni zilizopakwa rangi za kuita, duka la vifaa vya ujenzi na nondo zake zimelazwa nje, duka la dawa, vibanda vya mawakala wa pesa za simu, kijiwe cha bodaboda. Nyuma ya hayo yote, hatua chache tu, kuna shamba la muhogo na mtoto anayeswaga ng'ombe. Mgeni akiuliza kama hapa ni mjini, jibu hutegemea anayeulizwa anauza nini.

Watu wa Dar es Salaam wakizungumzia maisha ya miji midogo, ama wanatuonea huruma ama wanatuonea wivu. Huruma, kwa sababu wanadhani hatuna pa kwenda jioni. Wivu, kwa sababu wanadhani tunakula samaki wabichi kila siku, tunalipa kodi ya nyumba ya kutupa, na hatujui foleni. Kila upande una chembe ya ukweli, ila hakuna unaogusa jambo ambalo aliyekulia huku analijua bila kufundishwa. Mji mdogo unaishi kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anakwenda kwingine akalazimika kusimama. Amebadilisha gari. Amesubiri kivuko. Giza limemkuta njiani akalala. Amesimama kununua vocha, akasikia harufu ya samaki, akaagiza na ugali. Kuchelewa kwake ndiko kula kwetu. Kwa hiyo ukitaka kuujua mji mdogo usianze kuuliza una watu wangapi. Uliza watu wanasimama kwa nini, kisha uulize sababu hiyo ikiondoka itakuwaje.

Mwanza yenyewe, ambayo kwa mtu wa Usagara ndiyo jiji, ilikua kwa namna hiyo hiyo. Wajerumani walijenga kituo chao mwaka 1892 kwenye ghuba yenye miamba, na kwa miongo kadhaa palikuwa boma, maduka machache na mitumbwi. Mambo yalibadilika reli ya kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928. Reli ile iliishia majini. Mzigo wa kutoka pwani ulishushwa behewani ukapandishwa melini kwenda Bukoba au Musoma; pamba ya Usukuma ililala ghalani ikingoja behewa. Kila kilichoshushwa kilihitaji mtu wa kukibeba, karani wa kukiandika na mlinzi wa kukilinda usiku, na wote hao walihitaji kula, kulala na kunyoa nywele. Jiji likajengeka pale ambapo treni haikuweza kuendelea.

Pamba nayo ilileta wakubwa. Vyama vya ushirika vya wakulima vilivyoungana katika miaka ya 1950 chini ya Paul Bomani na kuwa Victoria Federation vilikuwa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa wa wakulima barani Afrika, na makao yake yalikuwa Mwanza. Utafiti wa mbegu ulifanyika, na bado unafanyika, Ukiriguru, humu humu Misungwi, si mbali na njia panda yetu. Mkulima wa Maswa au Bariadi akisema amepanda UK91 hana maana ya Uingereza. Herufi zile mbili ni Ukiriguru. Nafikiri ni jambo la kujivunia kuliko tunavyojivunia: kijiji ambacho Watanzania wengi hawajawahi kukisikia kiliipa nchi mbegu iliyolipia ada za shule, mabati na mahari katika nusu ya Kanda ya Ziwa.

Mwanza ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji tunalolijua, wakati Dar es Salaam ilikuwa na milioni 5.38. Watu milioni moja si haba. Maseru na Moroni, ambazo ni miji mikuu ya nchi, hazifikii hapo. Hata hivyo Mwanza ina tabia ya mji mdogo, na nadhani chanzo chake ni umbo la ardhi. Milima ya mawe inaubana mji kutoka nyuma, ziwa linaubana kutoka mbele, na kilichobaki ni barabara tatu za maana: ya Makongoro kwenda uwanja wa ndege, ya Nyerere kwenda Musoma, ya Kenyatta kwenda Shinyanga. Wote tunapita humo. Ukimdanganya bosi kwamba unaumwa, utakutana naye Rock City Mall saa kumi jioni. Ukigombana na mtu, msiape kutoonana, maana mtaonana tu, pengine mmebanana kiti kimoja kwenye Haisi ya Buhongwa.

Milima hiyo imefanya jambo jingine la ajabu. Katika miji mingi duniani anayeiona bahari au ziwa kutoka dirishani ni tajiri. Mwanza, ukitoa Capri Point, mandhari bora kabisa wanayo maskini. Mabatini, Igogo na sehemu za Isamilo, nyumba zimeng'ang'ania miamba ambako gari halifiki, na mlangoni mtu anaona Ghuba ya Mwanza yote ikimeremeta. Ziwa la maji baridi la pili kwa eneo duniani liko mbele ya macho yake, na bombani hakuna kitu, kwa sababu maji hayapandi mlima yenyewe. Ndoo zilipanda kwa vichwa vya akina mama na kwa mikokoteni hadi ilipoishia njia, kisha kwa miguu. Chanzo kipya cha maji cha Butimba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kimejengwa kusaidiana na kile cha Capri Point, na maeneo ya kusini mwa jiji ndiyo yaliyokingoja kwa hamu zaidi. Lakini kuzalisha maji ni jambo moja na kuyapandisha Igogo ni jingine. Wa juu kabisa bado wanaijua bei ya ndoo kuliko wanavyoijua ankara.

Kipimo kingine cha udogo kiko uwanjani. Pamba, timu iliyobeba jina la zao lenyewe, ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20. Ungetegemea jiji zima livae rangi zake. Lakini Simba au Yanga ikija CCM Kirumba, jukwaa linageuka jekundu au kijani na njano, na mtoto wa Igogo anaizomea timu ya kwao nyumbani kwao. Sijui mji gani mwingine mkubwa unaopokea wageni kwa ukarimu wa namna hiyo. Kuna kipindi mambo yalikuwa kinyume: Radio Free Africa na Star TV zilirusha matangazo kutoka Ilemela na nchi nzima ikasikiliza, na lafudhi ya Kanda ya Ziwa ikaingia sebuleni kwa watu wa Mtwara na Tanga. Ilikuwa nadra sana kwa Dar es Salaam kusimuliwa habari za siku na Mwanza.

Sasa jiji linamiminika kusini. Nyegezi ilijaa, Mkolani ikajaa, Buhongwa ikajaa. Vijana wenye ajira na wastaafu wenye kiinua mgongo wakaendelea mbele hadi Nyashishi na Usagara. Hapo katikati wilaya ya Nyamagana inaisha na Misungwi inaanza, bila jicho kuona tofauti yoyote: mabanda ni yale yale, bodaboda ni zile zile. Tofauti utaiona siku ukihitaji karatasi. Mtu anafanya kazi mjini, watoto wanasoma Nyegezi, anaugulia hospitali ya Bugando, lakini kwa mambo ya halmashauri lazima ageuze uso kusini aende Misungwi mjini, akilipa nauli ya kuuacha mji anaoishia maisha yake. Usagara uko karibu nusu ya njia kati ya Mwanza na Misungwi, na wakati mwingine unajiona umesahauliwa na pande zote mbili kwa kipimo sawa.

Anayehamia kutoka mjini hushangazwa kwanza na salamu. Asubuhi ni "mwangaluka", mchana na jioni ni "mwadila", na hazisemwi huku mtu akitembea. Unasimama. Unaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe hata kama huna ng'ombe. Binti aliyelelewa kwa desturi atapiga goti kidogo kumwamkia mzee, barabarani, na mfuko wa unga mkononi. Kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo wa dakika tano unaochukua nusu saa. Mgeni huona ni kupoteza muda, mpaka siku atakapohitaji kitu dukani akiwa hana hela.

Hapo ndipo ataonyeshwa daftari. Kila duka la mtaa lina moja, limechakaa kingo, limefungwa kwa mpira: robo ya sukari, mafuta ya kupima, kipande cha sabuni, jina na tarehe. Hakuna anayeombwa kitambulisho wala mdhamini. Mwenye duka anajua unapoishi, mama yako ni nani, mshahara wako unaingia lini, na mahindi yako yamefikia wapi. Mjini watu wa kipato hicho hicho wanaangukia mikononi mwa wakopeshaji wa kausha damu, au mikopo ya kwenye simu inayowapigia ndugu zako wote ukichelewa siku mbili. Daftari la Mama Fulani halina riba. Lina aibu tu, na kwa mahali ambapo lazima upite mbele ya duka hilo kila asubuhi, aibu inatosha.

Msiba una daftari lake pia. Michango inaandikwa kwa jina, na anayeandika ana kumbukumbu ndefu kuliko benki. Jijini unaweza kutuma rambirambi kwa simu ukaendelea na kikao. Usagara unatakiwa uonekane: ukae kwenye turubai, ubebe maji, ukate kuni, uzike. Usipofika msiba wa jirani, hakuna atakayekukaripia; siku yako ikifika ndipo utahesabu viti vilivyo wazi. Wahamiaji wapya wenye mageti ya chuma huchelewa kulielewa hili, na wengine huliona ni utumwa. Sibishani nao. Kuna wiki ambazo mtu anazika mara mbili, anachangia harusi tatu, na bado ana kikao cha ubatizo Jumamosi.

Wanaousifu mji mdogo kwa kujuana wanapaswa kuyamaliza maneno yao. Huku Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe walianzisha sungusungu, ulinzi wa watu wanaojuana: yowe likipigwa, kila mwanamume anatoka. Wizi ulipungua, na serikali ikaukubali utaratibu huo. Jicho hilo hilo la jirani, linalojua nani amenunua mbuzi na nani amefiwa na mtoto, ndilo lililowageukia bibi vizee. Akina mama waliopikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote, macho yakawa mekundu kwa moshi, wakaitwa wachawi na kuuawa kwa mapanga, wengi sana, katika mikoa hii ya Shinyanga na Mwanza. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, yakaja mauaji ya watu wenye ualbino. Mara kadhaa waliofikishwa mahakamani walikuwa ndugu au majirani. Muuaji hakuhitaji kuuliza njia.

Kwa hiyo nikisikia kijana anasema anakwenda Dar es Salaam "kutafuta maisha", sidhani kila mara ni pesa anayoitafuta. Mwanamke aliyeachika, mjane ambaye shemeji zake wanalitaka shamba, kijana ambaye baba yake aliwahi kufungwa, wote hawa wanatafuta mahali ambapo hakuna anayezijua hadithi zao. Jiji kubwa linauza bidhaa hiyo, na ni halali kuinunua. Mji wa kadiri ya Mwanza uko katikati: ukihama Usagara ukapanga Nyakato au Pasiansi unapumua miezi sita hivi, kisha unakutana na binamu wa mtu kwenye foleni ya Bugando.

Turudi kwa wanaosimama, maana jambo kubwa kuliko yote limetokea upande wa Kigongo. Kabla ya Juni 2025, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alipita Usagara akateremka hadi ukingo wa Ghuba ya Mwanza, akasubiri kivuko cha kwenda Busisi. Vivuko vilikuwa MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema. Kuvuka kwenyewe kulichukua chini ya nusu saa. Kusubiri ndiko kulikuwa kazi. Magari yalipanga mstari, madereva wa malori wakalala chini ya matela, na abiria walishuka wote. Wakashuka na njaa. Kigongo na Busisi zikawa miji ya mstari ule: sato wa kukaanga kwenye karai, chai ya maziwa, chapati, miwa, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), kandambili, chaji ya simu, choo cha kulipia. Usagara, mlango wa njia hiyo, ulipata sehemu yake. Usiku kivuko kikishasimama, aliyechelewa hakuwa na ujanja, alitafuta chumba.

Mstari huo huo ulikuwa na gari la wagonjwa ndani yake. Hospitali ya rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, ndiyo tegemeo la kanda nzima, na mama aliyepata uchungu pingamizi Sengerema alikuwa na ghuba kati yake na daktari bingwa. Kila mfanyabiashara wa Kigongo aliliona hilo kwa macho yake. Ndiyo maana sijasikia mtu mwenye akili timamu akiomba kivuko kirudi.

Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja mwezi Desemba 2019, ujenzi ukaanza Februari 2020, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua. Daraja la J.P. Magufuli lina urefu wa kilomita tatu, ndilo refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati, na liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Kulivuka kwa gari ni dakika chache, mchana na usiku. Anayeishi Sengerema anaweza kufanya kazi Mwanza akarudi kula nyumbani. Dagaa na mahindi havingoji. Mgonjwa hangoji.

Na muuza chapati hangojewi. Sheria zetu zinamlipa fidia mtu ambaye barabara imepita juu ya nyumba yake, mwembe wake au kaburi la babu yake. Hakuna sheria inayomlipa aliyepoteza foleni. Yule mama wa Kigongo hakubomolewa kitu. Karai lake lipo, jiko lake lipo, ujuzi wake wa kukaanga sato upo. Kilichoondoka ni saa mbili za maisha ya watu wengine, ambazo zilikuwa mali yake bila hati. Siwezi kusema alionewa. Siwezi pia kujifanya sioni kwamba daraja la mabilioni liliwahesabu waliokuwa wakichelewa na likasahau kuwahesabu waliokuwa wakiwahudumia.

Habari hii si ya Kigongo peke yake. Kule Kenya, Mtito Andei ilinona kwa miaka mingi kwa sababu iko katikati ya Nairobi na Mombasa, umbali ambao dereva na abiria wote wanataka kunyoosha miguu. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2017 na makontena yakahamishiwa relini, hoteli na gereji za barabara ile zililia. Kwetu, tangu treni ya umeme ianze kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, abiria aliyekuwa akinunua nyanya na vitunguu Dumila au Gairo hapiti tena huko.

Usagara una zamu yake inayokuja. Tarehe 14 Juni 2021 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la kipande cha SGR cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, na mahali palipochaguliwa ni Fela, humu humu Misungwi, jirani zetu kabisa. Watu wa hapa wanalitaja jina la Fela kama watu wanaotaja urithi. Wanachokisahau ni kwamba treni mpya haifunguki madirisha. Aliyesafiri kwa treni ya zamani ya reli ya kati aliijua nchi kwa kinywa chake: Saranda ni kuku, Tabora ni asali, na kila kituo kilikuwa na soko lililokimbia sambamba na mabehewa. Treni ya umeme ina kiyoyozi, ina ratiba, na kituo chake kina uzio. Biashara itakuwepo, sikatai, ila itakuwa ya mwenye fremu ya kupanga, mwenye leseni na mashine ya risiti. Mwenye sinia kichwani atabaki nje ya geti akitazama.

Kwa sasa lakini, kinachouzwa zaidi Usagara ni ardhi. Mabango yameota kandokando ya barabara: viwanja vimepimwa, karibu na lami, karibu na daraja, karibu na SGR, karibu na jiji. Usagara kwenye mabango hayo ni mahali palipo karibu na kwingine. Mashamba ya muhogo na pamba yanakatwa vipande vya ishirini kwa thelathini. Aliyeuza ekari zake tatu kwa bei aliyoiona kubwa ananunua bodaboda kwa ajili ya kijana wake, anaezeka upya, anaoza binti, na baada ya misimu miwili ananunua mahindi ya kula kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliyenunua anazungusha ukuta, anachimba kisima au anaomba maji, na anaanza kuulizia mambo ya mjini: taa za barabarani, mfereji wa maji ya mvua, gari la taka, shule ya kiwango anachokitaka.

Kuuliza ni haki yake. Wa kumuuliza ni serikali ya kijiji, yenye mwenyekiti, mtendaji na ofisi ya chumba kimoja, iliyoundwa kushughulikia mipaka ya mashamba na ng'ombe walioingia kwenye mihogo ya mtu. Mkutano wa hadhara huitishwa kwa desturi ya kijiji, siku ya kazi, saa nne asubuhi, chini ya mti. Ajenda ni ramani, michango ya darasa, barabara za ndani. Wanaofika ni wale wale waliouza mashamba. Walionunua wako Nyamagana kazini, watarudi saa moja usiku.